Kikapu cha Mdomo wa Farasi

Watu wa kwetu wanasema farasi ndiye aliyemvunja baba yangu nyonga. Wanasema kwa urahisi, maana farasi hana ukoo wa kuja kumtetea. Mimi nilikuwapo. Kamba ilikuwa mkononi mwangu, na waliomvunja nawajua kwa nyuso na kwa vyeo vyao. Majina yao siyaandiki, kwa sababu wajukuu wao wananiamkia shikamoo kila asubuhi nikienda kisimani, na mjukuu hakuchagua babu. Vyeo nitavitaja. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno ya mpangilio aende kwa walimu.

Baba alikuwa saisi, mtunza farasi. Kazi hiyo alianza kwa Mzungu aliyekuwa na shamba la chai juu ya Mponde, tangu mimi sijazaliwa. Uhuru ulipita, baba bado anapiga brashi farasi wa Mzungu. Halafu shamba likachukuliwa kuwa la umma, Mzungu akaondoka. Alibeba mbwa wake wawili, akaacha farasi watano. Kijiji kikapewa wale farasi wabebe majani mabichi ya chai kutoka mashamba ya juu mpaka barabarani, mahali lori linapofika, kwa kuwa mvua ilikuwa imekula njia ya juu.

Mali baba hakuwa nayo. Alikuwa na sifa moja tu, na watu wote kuanzia kwetu mpaka Bumbuli waliijua: katika mikono yake hapakuwa na farasi aliyemuumiza mtu. Kwa sifa hiyo tuliishi katika nyumba ya saisi, vyumba viwili vya mawe kando ya banda, bati juu, kaburi la mama nyuma. Wenzetu walikuwa wanaambiwa wabomoe kwao washuke kwenye kijiji kipya. Sisi tuliachwa, kwa ajili ya farasi.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka kwa mume, Korogwe, na mtoto mgongoni. Baba hakuniuliza kilichotokea. Alinipa ndoo.

Kati ya wale watano alikuwapo mmoja mwekundu, maksai mrefu, yaani dume aliyehasiwa. Akiwa peke yake ungeweza kulala chini ya tumbo lake. Akiongozwa pamoja na wenzake alikuwa na ubaya mmoja, anawauma. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananyoosha tu shingo, anamchota mwenzake nyama ya paja au ya mbavu, kisha anatazama pembeni kama mtu aliyepiga chafya kanisani. Mwenzake anaruka, mzigo unamwagika. Baba alisema ni wachuma chai waliomharibu. Baada ya Mzungu kuondoka walizoea kumlisha karoti mkononi wakati wa kupumzika, wakicheka akiwavua kofia. Akajua kwamba kila kilicho karibu na mdomo wake ni chake.

Wachumaji walimshauri baba ampige mdomoni. Baba alikataa.

"Ukimpiga mdomo, ataacha kuuma?" nilimuuliza.

"Ataacha kuuma polepole. Atajifunza kuuma haraka, kabla hujainua mkono."

Dawa ya baba haikuwa na kelele. Kwanza alikataza watu wote kumpa kitu mkononi. Chakula chake kikawa ndani ya ndoo, ndoo iko chini. Pili, akaamuru kila farasi aongozwe na mtu wake, na kati ya farasi na farasi kuwe na nafasi ya farasi mmoja na nusu. Tatu, akanikabidhi mimi yule mwekundu, akanifundisha kutembea sawa na bega lake, kamba nimeishika fupi, shubiri moja kutoka kidevuni, na ile iliyobaki nimeikunja kama barua mkononi. Kuizungusha mkono hapana. "Kamba iliyozungushwa mkono ni ya farasi, si yako," alikuwa akisema.

Siku za mwanzo nilikuwa namkodolea macho mdomoni.

"Masikio," baba aliniita kutoka nyuma. "Wewe unatazama mdomo. Mdomo ndio wa mwisho kupata habari."

Nikajifunza. Sikio la upande wa mwenzake linalala nyuma, shingo inarefuka kidogo, pua inakunjamana. Hapo, kabla meno hayajafunguka, namvuta kichwa kuja kwangu, namrudisha nyuma hatua mbili, namzungusha duara moja, tunaendelea. Simpigi, simtukani. Mizunguko kumi kwa siku ni kazi ya kuchosha kuliko kulima. Lakini siku ya kumi ikawa mizunguko sita, wiki iliyofuata mmoja. Kabla mvua za vuli hazijaanza, nilishuka naye mpaka barabarani na kurudi bila kumgeuza hata mara moja. Nilipomwambia baba, alimtazama yule farasi, hakunitazama mimi, akasema, "Amekukubali." Kwa baba yangu hiyo ilikuwa hotuba.

Ndipo tulipoletewa katibu wa tawi mpya.

Alitoka tambarare, upande wa Magoma. Alikuwa kijana msafi, viatu vyake havikuwahi kujua udongo wa kwetu. Sikumchukia siku ya kwanza. Nilimchukia mkutanoni, pale aliposimama mbele ya wazee, na baba yangu mwenye mvi yumo, asitoe shikamoo hata moja. Aliita kila mtu ndugu.

"Farasi watano, watu watano," alisema. "Ndugu zangu, hii ni kazi au ni harusi?"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

"Kule kwetu Magoma punda sita wanafungwa kichwa kwa mkia. Mtu mmoja anatangulia, anavuta sigara yake. Hapa watu wanne wanapotea bure na majembe yanawasubiri."

Baba alisimama. "Punda ni punda, mwanangu."

"Hapa mimi si mwanao, ndugu saisi. Mimi ni katibu."

"Haya, katibu. Punda ni punda. Farasi akibanwa nyuma anasogea mbele, na yule mwekundu akifikishiwa paja la mwenzake mdomoni, nguvu ya kumzuia sina. Anataka nafasi yake na mtu wake."

"Anataka nafasi yake na mtu wake!" Katibu aligeukia watu. "Mmesikia? Mnyama bwanyenye huyo. Ana mtumishi. Hiyo ndiyo kasumba ya kikoloni, ndugu zangu. Mzungu kaondoka, kamwachia mzee ubwana wa farasi."

Bwana mifugo alikuwa amekaa palepale, mtu wa serikali mwenye cheti. Wakamuuliza. Alijua, nasema alijua, kwa sababu wiki mbili kabla alikuja bandani akamsifu baba kwa kazi ile. Akainuka, akasema, "Utaalamu wangu mimi ni ng'ombe. Lakini kwa jumla, mnyama ni mnyama." Akakaa.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mzee wa kanisa, benchi moja na baba. Ndiye aliyesimama nyuma ya mama siku ninabatizwa. Alikuwa na kikohozi chake cha kufunga mazungumzo. Akakohoa. Mambo yakaisha.

Watu wanne wakapewa majembe. Nikabaki mimi, kwa kuwa najua mafundo. Baba akaambiwa amezeeka, aangalie banda, njiani asiandikwe. Na nyumba? Nyumba akae, alisema katibu, maadamu farasi hawaleti matatizo.

Siku tatu za kwanza yule mwekundu aliuma mara kumi na zaidi. Ungetaka afanye nini? Nilimweka wa mwisho, katibu akasema wa mwisho anavutwa, mwendo unapungua. Nilimweka wa kwanza, akawa anageuka kumuuma aliye nyuma yake. Nikamweka wa tatu, nyuma ya farasi jike wa kijivu aliyekuwa mvumilivu. Paja la yule jike likawa kama nguo iliyopita kwenye miiba. Yote tuliyoyajenga kwa miezi yaliharibika kwa siku tatu.

Baba hakugombana tena. Alikata mianzi, akaipasua vijiti vyembamba, akakaa kwenye kizingiti akasuka kikapu kirefu kama ndoo, chenye matundu ya kupumulia, na mshipi wa kupitisha nyuma ya masikio. Alikisugua kwa jani la msasa mpaka kikawa laini, kisimkwaruze pua. Kikapu cha mdomo. Yule mwekundu akinyoosha shingo kuuma, mwanzi unamgonga jike pajani, jike anatikisa ngozi tu kama anafukuza nzi.

Wachuma chai walifurahi mno.

"Mgoshi, mzee wetu, huyo mwenzako unampeleka sokoni na kikapu?"

"Anakwenda kununua adabu," baba aliwajibu. "Akizipata nitakuletea na wewe kibaba."

Tulikwenda hivyo majuma kadhaa. Haikuwa sawa, baba alisema, kikapu ni kikapu, hakimfundishi mtu kitu. Lakini hakuna aliyeumia.

Siku yenyewe kulikuwa na mgeni anakuja kutoka wilayani kutazama kijiji kinavyofanya kazi. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha, njia ya bonde ilikuwa udongo mwekundu mtupu, unateleza kama mlenda. Niliwafunga farasi asubuhi, matenga ya chai yamejaa. Baba alikuwa ndani ya banda anatafuta mkanda wa tandiko. Katibu akaja na mwenyekiti nyuma yake.

"Hicho ni nini?"

"Kikapu cha mdomo, katibu. Huyu anauma."

"Kitoe."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Huyu anauma wenzake, katibu."

"Dada, mgeni akikuta mnyama wa umma kafungwa mdomo, na majani yamemzunguka huku na huku, atasema nini? Atasema kijiji hiki kinafanya kazi na njaa. Utamjibu wewe?"

Nilimtazama mwenyekiti, baba yangu wa ubatizo. Alikuwa anaangalia matope kwenye kiatu chake, anayakwangua kwenye jiwe. Alikwangua mpaka nilipoinua mikono, nikafungua mshipi nyuma ya masikio, nikakivua. Katibu alikichukua akakitupa kwenye upupu nyuma ya banda, mbali na macho ya wageni.

Baba akatoka na mkanda wake. Aliona pua tupu.

"Kikapu kiko wapi?"

"Nimekitoa, tate. Katibu kaagiza."

Alikwenda moja kwa moja kwenye bega la yule mwekundu, akashika hatamu, shubiri moja kutoka kidevuni.

"Ndugu saisi, leo hukuandikwa," katibu alisema.

"Sikuandikwa. Natembea zangu. Njia si ya umma?"

Tukaondoka. Mimi mbele, kamba ya farasi wa kwanza mkononi, na kwa kuwa ilikuwa imelowa na inateleza, niliizungusha kiganja mara moja. Mara moja tu. Baba nilikuwa namsikia nyuma, anaongea na yule mwekundu kwa Kishambaa, taratibu, kama anamsimulia habari za nyumbani. Njia ilikuwa nyembamba, juu ukuta wa udongo, chini bonde. Kanuni ya baba ilikuwa kutotembea upande wa bonde hata siku moja. Siku ile upande wa ukuta haukuwa na nafasi ya mtu na tenga. Akatembea upande wa bonde.

Kwenye kona ya tatu njia inashuka ghafla. Farasi wa nyuma aliteleza akawagonga waliomtangulia, na kama baba alivyowaambia mkutanoni, kila mmoja akasogea mbele. Sikuona meno. Nilisikia jike akipiga ukelele, nikasikia baba akisema "Hapana, hapana," kwa sauti ya kawaida kabisa. Jike alirusha mateke, miguu yake ya nyuma ikaenda bondeni, na fundo nililolifunga mimi likakaza vizuri. Mafundo yangu yalikuwa mazuri. Farasi wangu naye alivutwa kwa nyuma, kamba ikakaba mkono. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliondoka pale. Sikuhisi maumivu, nilihisi baridi.

Nilipofika chini, jike alikuwa amevunjika shingo, amekufa, na baba alikuwa chini ya tumbo lake na chini ya tenga, macho yako wazi. Juu yetu, ukingoni, yule mwekundu alisimama na kipande cha kamba iliyokatika. Alikuwa hana hata mchubuko.

"Mshushe mizigo huyo kwanza," baba aliniambia. "Anatetemeka."

Wachuma chai walitubeba wote wawili mpaka hospitali, baba kwenye kitanda cha kamba. Nyonga ilikuwa imevunjika vibaya. Daktari alisema haitaunga kwa umri ule.

Yule mwekundu alipigwa risasi wiki hiyohiyo. Aliyempiga ni bwana mifugo, mtu wa ng'ombe. Niliambiwa risasi ya kwanza hakuipatia.

Mimi nilirudi nyumbani mapema, mkono umefungwa hadi kiwikoni. Jioni moja mwenyekiti alikuja na karatasi. Alikaa kwenye kigoda cha baba. Alisema ni taarifa ya kwenda wilayani, inataka shahidi, na shahidi ni mimi. Nikamwambia aniachie niisome. Niliisoma polepole, kidole kwenye mstari. Iliandikwa kwamba saisi mzee, ambaye hakuandikwa kazini, alitoa kifunga mdomo cha farasi bila kuagizwa, akaingilia msafara, akasababisha ajali.

"Baba hakukitoa. Nilikitoa mimi. Wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo."

"Sasa?"

"Sasa mwanangu, nikiandika ni wewe, utakamatwa wewe, na huyo mtoto atalelewa na nani? Nikiandika ni yule bwana aliyeagiza, hiyo karatasi haitafika hata Soni. Baba yako hakamatwi, yuko kitandani. Ni mzee. Jina likichafuka kidogo, litamzuia kula?"

"Na nyumba?"

Alikohoa. "Ukitia sahihi, saisi unakuwa wewe. Nyumba ni ya saisi. Usipotia, kuna kiwanja kule chini, mnajenga."

Mtoto alikuwa analia na kifua. Baba alikuwa arudi nyumbani siku yoyote, na hawezi kukaa, sembuse kujenga. Nyuma ya ukuta mama amelala. Niliwaza yote hayo, na sisemi nililazimishwa, kwa sababu hakunishika mkono. Wa kulia ulikuwa ndani ya bandeji. Nilitia dole gumba la kushoto.

Karatasi ile ilisomwa mkutanoni. Baba alikuwa amesharudi, na watu wana miguu. Usiku haujaingia alikuwa anajua. Nilimpelekea uji, akaniuliza swali moja.

"Uliisoma kabla?"

"Niliisoma, tate."

"Basi."

Aliishi miaka sita kitandani. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha. Alinishukuru kila mara, kwa adabu, kama unavyomshukuru mtu baki. Farasi watatu waliobaki nilikuwa nawaongoza mimi, tena mmojammoja, maana baada ya ajali hakuna aliyejali punda wa Magoma wanafungwaje. Sikupata kumuuliza baba jambo la farasi akanijibu. Alikuwa akisema, "Saisi ni wewe." Wakaisha, mmoja kwa tumbo, wawili kwa uzee. Katibu alihamishwa akapanda cheo. Bwana mifugo alistaafu, ana ng'ombe wengi.

Baba alipofariki, wazee wa kanisa waliniambia niandike historia ya marehemu, isomwe kaburini kama desturi. Niliiandika siku mbili. Alikozaliwa, ubatizo wake, ndoa yake, kazi yake ya usaisi. Halafu niliandika: katika mikono yake hapakuwa na farasi aliyemuumiza mtu. Siku ya ajali kikapu cha mdomo nilikitoa mimi binti yake kwa amri ya katibu, mwenyekiti akiwapo, na karatasi inayosema alikitoa yeye niliitia dole gumba nikijua ni uongo. Niliandika vizuri, kwa mkono wa vidole vitatu, herufi kubwa, asiwepo wa kusema haisomeki.

Msomaji alikuwa mwenyekiti, kwa uzee wake kanisani. Watu walijaa, mpaka wachuma chai wa kutoka mbali. Alisoma kuzaliwa, ubatizo, ndoa. Alisoma usaisi, hata ule mstari wa mikono yake aliusoma kwa sauti, na watu wakaitikia. Hapo akakohoa. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona kidole chake kinashuka kwenye karatasi, mstari, mstari, mstari. Kisha akasoma, "Marehemu ameugua kwa muda mrefu. Ameacha mtoto mmoja na mjukuu mmoja."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Mchungaji alinitazama, labda alidhani nina la kuongeza, maana alisubiri kidogo. Wimbo ukaanzishwa, nami nikaimba, beti zote.